Moto wa Buluu na Mlango Uliofungwa

Mikono yangu siku hizi inatetemeka, kwa hiyo musiniletee tena majiko ya gesi yaliyoharibika. Leteni masikio tu. Nyinyi vijana munaojifunza ufundi pale Base Camp munapita mbele ya nyumba yangu na spana mpya mfukoni, munaniambia "Jambo koko!", yaani bibi, halafu munakwenda kuchokonoa majiko ya watu kwa sindano. Munadhani sioni? Ninaona. Macho yangu ni mazima, mikono ndiyo imechoka.

Mimi ni Mama Riziki. Nilizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, na majiko ya gesi nimeyatengeneza Mbarara na hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kwa zaidi ya miaka kumi. Kiswahili changu kimepita njia nyingi na kimeokota vumbi la kila fasi, kila mahali nilipokaa. Mukisikia neno la ajabu, limezeni na chai. Kuna jambo moja nililifanya katika hii kazi ambalo lingeweza kumuua mtoto wa jirani yangu, na nililifanya nikiwa na hakika kabisa. Nitawaeleza. Lakini kwanza mujue nilivyojifunza, ndipo mutaelewa nilivyopotea.

Kazi yenyewe sikuitafuta. Nilikuwa nimempeleka mume wangu Mbarara, kwenye hospitali ya misheni ya Ruharo, atibiwe macho, tukapanga chumba kule Kakiika, pembeni ya mji. Jirani yetu alikuwa mzee Byaruhanga, askari mstaafu, aliyetengeneza majiko ya gesi barazani kwake. Mimi nilikaa mlangoni nikimtazama, maana sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kumsubiri mgonjwa. Siku moja akaangusha nozo, kile kipande kidogo chenye kitundu kinachotema gesi, ikazama kwenye tope. Vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi za kuchoma. Alihangaika, akatukana kijeshi, mpaka nikachoka kusikiliza. Nikainama, nikaiokota.

Akanitazama. "Wewe mama, vidole yako iko ndogo. Hapana simama hapo kama polisi. Kuja, kaa chini."

Hiyo ndiyo barua yangu ya kazi.

Wiki ya kwanza nikaharibu. Akaniambia nisafishe nozo ya jiko la mteja, mimi nikatoa sindano yangu ya kushonea, nikachokoa kitundu vizuri sana. Nikakitazama juani nikaona kinang'aa. Nikajisifu moyoni. Byaruhanga aliwasha jiko, akaingia ndani, akarudi na sahani nyeupe ya chai, akaiweka juu ya moto kidogo, halafu akaigeuza. Chini ilikuwa nyeusi tititi.

"Sindano yako imepanua tundu," akasema. "Sasa gesi nakuja mingi, hewa iko kidogo. Ona moto, iko njano. Moto ya buluu nakula chakula yake yote, namaliza. Moto ya njano ni mtoto ya adabu mbaya, naacha makombo kila mahali. Hii nyeusi ndio makombo. Na ingine hapana onekana, naingia tu kwa kifua ya watu."

Tangu siku ile nozo naiosha kwa maji ya sabuni, naipuliza, na ikibidi naipitisha unywele wa brashi laini. Ikikataa, naweka mpya. Kwa hiyo kijana wangu, hiyo sindano mpe mamako ashonee.

Ngoja niwachekeshe kidogo. Kakiika watu wanafuga, na kulikuwa na mzee mmoja mwenye shimo la kutengenezea gesi kwa mavi ya ng'ombe, bomba lake likiingia mpaka jikoni. Alituita akilalamika kwamba moto umekuwa hafifu, gesi inavuja mahali. Tulipofika, tukamkuta hana nyusi. Alikuwa ameshautafuta huo mvujo mwenyewe, kwa kiberiti. Aliupata! Mke wake alicheka mpaka akaketi chini. Sisi tukapaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba, na pale povu lilipopiga mapovu makubwa tukakaza. Povu halijawahi kumchoma mtu nyusi.

Lakini kilichomkasirisha Byaruhanga hakikuwa kiberiti. Yule mzee alituambia kwamba kila asubuhi, gesi ikizidi, anafungua koki anaiachia iende zake. Byaruhanga akapiga kelele kama yuko kwaride: "Hapana! Choma! Chemsha chai, chemsha maji ya ndama, lakini hapana achia mbichi!" Njiani nikamuuliza kwa nini anamgombeza mtu kwa gesi yake mwenyewe. Akanieleza kwamba hiyo gesi ikipanda mbichi inashika joto juu ya dunia, kama mtu aliyefunikwa blanketi juu ya blanketi. Ikiungua nayo inaacha gesi ya ukaa, na hiyo pia ni blanketi, lakini jepesi zaidi. "Shamba yako kule Nakivale nalilia mvua," akasema, "na huyu nafungua koki!" Sisi wakulima tunajua vile mvua imekuwa na kiburi siku hizi. Basi nikalishika neno hilo. Koki yoyote inayovuja nikiiona, siwezi kuipita, hata kama ni kwa mtu asiyenipenda.

Macho ya mume wangu yalipata nafuu, nikarudi Nakivale na kazi mkononi. Nilikuwa na sahani yangu nyeupe, nimeifunga kwenye kipande cha kitenge, naibeba kila ninapokwenda. Nikiwasha jiko, nikiweka sahani, nikiigeuza ikiwa nyeupe, naondoka kifua mbele. Nilijiona daktari. Na hapo, watoto wangu, ndipo balaa lilipoanzia.

Jirani yangu Domitila ni Mrundi, Mkatoliki wa kweli kweli, anauza ndagala, wale dagaa wadogo, sokoni. Ana binti mmoja, Odette. Wakati ule Odette alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na pumu. Lakini Mungu ana maajabu yake: kifua kile kibovu ndicho alichokiwekea sauti. Odette alipoimba, wanawake kwenye foleni ya maji walinyamaza. Alikuwa katika kwaya ya watoto, na hakuwa na hamu nyingine duniani. Tatizo lilikuwa moshi wa kuni. Mama yake akipika tu, mtoto anaanza kukohoa, na akikohoa usiku anaimba vibaya asubuhi. Kliniki wakamwambia Domitila: mutoe huyu mtoto kwenye moshi.

Domitila akajinyima mpaka akanunua mtungi wa gesi na resho, jiko la gesi la vichwa viwili. Akaniita niifunge. Niliifunga kwa moyo wote, mwajua mtoto wa jirani ni wako. Nikapima mpira wa kupitisha gesi kwa povu, nikawasha, moto ukatoka buluu kama sketi ya shule. Nikaweka sahani, nikaigeuza, nikamwonyesha Odette. "Ona, mama, nyeupe! Sasa utaimba mpaka Yesu arudi."

Domitila akaniuliza, "Nipikie wapi? Nje?"

Hapa lazima niwaambie kitu ambacho wageni hawakijui. Wakati ule kulikuwa na uvumi mitaani kwetu kwamba mtu akionekana na mtungi wa gesi, majirani watasema ametajirika, na jina lake litatolewa kwenye orodha ya chakula cha msaada. Nani alileta huo uvumi? Hakuna anayejua. Mimi mwenyewe mtungi wangu niliufunika shuka kama mgonjwa. Kwa hiyo nilimwelewa Domitila vizuri sana, nikamjibu kwa mdomo huu munaouona:

"Gesi haina moshi. Funga mulango, funga dirisha, pika. Nani atajua?"

Na si mdomo tu. Pale juu ya ukuta, chini ya mabati, kulikuwa na nafasi ambayo hewa ilipitia. Nilipanda juu ya stuli, nikaiziba kwa magunia ya zamani ili harufu isitoke. Mikono hii hii. Domitila alinishukuru, akanipa ndagala wa kwenda nao nyumbani.

Haikupita muda mrefu Domitila akaja kwangu mchana, amesimama mlangoni, hataki kuingia.

"Mama Riziki, mtoto amezidi. Zamani alikuwa anakohoa nikiwasha kuni. Sasa anakohoa mpaka mabega yanapanda. Tumepelekwa kliniki mara mbili. Mwalimu wa kwaya amemwambia akae pembeni kwanza, apumzike. Hali chakula, analia tu. Wewe uliniambia nini?"

Nikabeba sahani yangu, nikamfuata. Nikawasha resho. Buluu. Nikaweka sahani, nikaigeuza. Nyeupe. Odette alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti, akivuta hewa kama anayevuta kamba nzito kisimani. Na mimi, badala ya kumtazama mtoto, niliitazama sahani.

Nikasema, "Resho ni nzima. Labda ni vumbi. Ama labda unapika kwa kuni nikiwa sipo."

Mpaka leo neno hilo linanirudia nikiwa napepeta mchele. Domitila hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Toka nyumbani kwangu, wewe na sahani yako."

Nikatoka nimenuna. Nilisema moyoni, watu hawa hawana shukrani. Kiburi cha fundi, vijana, ni kibaya kuliko nozo iliyopanuka, maana hakiachi masizi ukakiona.

Baada ya hapo nikaitwa Kakiika kwenye semina ya mafundi. Byaruhanga alikuwa amezeeka, ameketi mbele na fimbo. Mwalimu wetu alikuwa msichana wa Kinyankole, Ainembabazi, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Alikuwa na kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Akasema kinapima hewa mbaya mbili ambazo jiko la gesi linatoa: ile sumu isiyo na harufu inayotoka moto ukikosa hewa, na ile kali inayotokea moto wowote unapounguza hewa yenyewe.

"Hata moto wa buluu?" nikauliza.

"Hata ya buluu, mama. Buluu iko safi sana kushinda kuni. Lakini safi si kusema hakuna kitu."

Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia aje na kisanduku chake chumbani nilikofikia, pale pale jirani, nimpikie sombe kwa jiko nililolisafisha mwenyewe. Sombe munaijua, majani ya muhogo hayana haraka. Nikafunga mlango na dirisha, nikawasha moto. Buluu. Nikaweka sahani. Nyeupe. Nikamtazama yule binti nikitabasamu. Sufuria haikuwa imechemka vizuri kile kisanduku kikaanza kulia kama kifaranga kilichopotea mama.

"Kimeharibika," nikasema.

Hakubishana. Alikitoa nje, kikanyamaza. Akakirudisha ndani, kikalia. Nikakinyang'anya, nikatoka nacho mimi mwenyewe, kikanyamaza. Nikaingia, kikalia. Mara tatu nilifanya hivyo, kama mwehu. Mara ya tatu nikakaa chini kwenye kizingiti. Niliyaona yale magunia. Niliona mkono wangu ukiyasukuma chini ya mabati, moja baada ya jingine, na Odette akinitazama kutoka chini, akifurahi.

Byaruhanga alikuwa amekuja na fimbo yake kuona nani anashinda. Nikamwuliza kwa nini hakunifundisha hili. Akatikisa kichwa. "Mimi maisha yote natengeneza kwa baraza, nje. Hewa iko mingi. Hapana jua." Kisha akasema, "Mama Riziki, mimi nafundisha wewe moto. Huyu mtoto nafundisha sisi nyumba. Enda tengeneza."

Ndiyo sababu nawaambia, musione aibu kufundishwa na aliye mdogo. Yule mzee hakuona.

Nilirudi Nakivale na nyundo mkononi, nikaenda moja kwa moja kwa Domitila. Nikapiga magoti, kwa kuwa kosa kama lile haliombewi msamaha mtu akiwa amesimama. "Domitila, nilikosea. Resho ilikuwa nzima, mimi ndiye nilikuwa mubovu. Nilifungia mutoto wako ndani na hewa mbaya. Yale magunia niyatoe, na nikutobolee dirisha."

Odette alikuwa amelala, anapumua kwa mluzi mdogo. Domitila akasema ameshaamua kuiuza resho, arudi kwenye kuni, apikie nje, angalau moshi wa kuni anaujua.

"Moshi wa kuni utamufuata hata nje!"

"Na nikifungua dirisha wataona mtungi," akasema, na hapo ndipo machozi yalimtoka. "Wakinitoa kwenye orodha, nitamlisha nini? Nichague nini, mama, pumzi ama chakula?"

Nilirudi kwangu, nikakaa, nikautazama mtungi wangu chini ya shuka lake. Halafu nikapata hasira, na hasira yangu huwa ina miguu. Nikavuta lile shuka, nikaburuta mtungi na resho mpaka mlangoni kabisa, mlango wazi, mbele ya njia ambayo kila mtu anapita kwenda sokoni. Nikaweka maharagwe. Nikasema, wakiona, waone ya kwangu kwanza.

Wa kwanza kupita alikuwa Baba Shukuru, Mukongomani mwenzangu wa nyumba ya tatu, mtu wa maneno mingi. Akasimama, akatazama huku na kule.

"Mama Riziki! Kumbe nawe uko nayo?"

"Nawe? Una maana gani, na mimi?"

Akajikuna kichwa. "Hata miye iko moja. Chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda! Unalala juu ya mtungi, baba mzima? Enda utoe sasa hivi!"

Alitoka mbio. Mkewe akafungua mlango, akaja kunitazama, akaenda kumwambia shemeji yake, ambaye naye alikuwa nayo nyuma ya pazia. Jamani! Mpaka maharagwe yangu yanaiva, katika mstari wetu nyumba sita zilikuwa zimefungua milango, kila mmoja na resho yake, tukitazamana kama wezi waliokutana ndani ya shamba moja. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tulikuwa tunafichana kitu kile kile, kila mtu akikohoa nyumbani kwake kwa siri. Na mpaka leo sijaona mtu hata mmoja aliyetolewa jina kwa sababu ya mtungi.

Domitila alikuwa amesimama kwake, mikono kiunoni, akitutazama. Kisha akaniita, kwa jina, kwa mara ya kwanza tangu anifukuze: "Mama Riziki, leta hiyo nyundo."

Niliyatoa magunia yote. Nilitoboa dirisha kwenye ukuta wa nyuma, nikahamishia resho chini yake, ili joto linapopanda litoke na uchafu wake. Tukakubaliana: maharagwe yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, moto upunguzwe yakianza kuchemka, maana gesi iliyobaki ndani ya mtungi haimchafulii mtu hewa na wala haipashi dunia joto. Na wakati wa kupika, Odette akae nje. Hayo yote hayahitaji spana. Lakini fundi anayefunga jiko bila kuuliza dirisha liko wapi, huyo amefanya nusu ya kazi, na ile nusu aliyoiacha ndiyo iliyokaribia kumwangamiza Odette.

Sitawadanganya, pumu haikupona. Odette bado anatembea na dawa yake ya kuvuta. Lakini kliniki walianza kumsahau sura. Mabega yakatulia, akaanza kula, akaanza kugombana na wenzake bombani, nikajua sasa tumefika. Domitila hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe. Aliniletea tu ndagala siku moja, akawaweka mezani, akaondoka.

Kisha Pasaka ikakaribia, akaja tena. "Utakuja kwetu kusali?"

Mimi ni wa Pentekoste, sisi tunaruka na kupiga makofi, mambo ya kukaa na kusimama kwa zamu siyajui. Lakini nilikwenda. Nilikaa karibu naye, nikisimama wanaposimama, nikichelewa kila mara. Watoto wa kwaya walikuwa mbele, na Odette alikuwa katikati, si pembeni. Ilipofika Aleluya wenzake wakanyamaza, akabaki peke yake.

Kulikuwa na fasi moja katika wimbo ule, ndefu, sauti inapanda na haishuki upesi. Domitila alikuwa ameniambia zamani kwamba hapo ndipo kikohozi kilikuwa kinamkatia mwanae kila mara. Nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili. Nimeshapima majiko mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyoisikiliza ile pumzi. Odette akapanda. Akafika pale. Nikangoja kikohozi.

Hakikuja. Akapita, akaendelea, akashuka taratibu kwa kupenda kwake mwenyewe.

Domitila alikuwa anatazama mbele, machozi yanashuka, hayafuti. Akainama kidogo upande wangu, akanong'ona:

"Asubuhi nimepika na dirisha wazi."